Robo saa na Mungu katika jiji lisilonyamaza

Wengi wanaotaka kumkaribia Mungu huanza kwa kishindo. Mtu anakwenda mkesha wa Ijumaa, anarudi moto umewaka, Jumamosi ananunua Biblia yenye zipu na daftari jipya. Anaamua kuanzia Jumatatu ataamka saa tisa usiku asali saa nzima, afunge Jumatano na Ijumaa, na Biblia aimalize ndani ya mwaka. Wiki ya kwanza inakwenda. Wiki ya pili, Jumatano, mvua inapiga, barabara inajaa maji, anafika nyumbani saa nne usiku akiwa amelowa, na mpango wote unaishia hapo. Kinachobaki ni aibu, na aibu hiyo ndiyo inayomfanya amkwepe Mungu hadi mkesha mwingine.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Ni Mkristo wa dhehebu lolote, anayefika kanisani Jumapili lakini Jumatatu hadi Jumamosi hajui aongee nini na Mungu, akiwa wapi, saa ngapi. Tunachopendekeza ni kidogo makusudi: robo saa kwa siku, mahali palepale, kwa maneno ya kweli. Mama aliyeko Singida hutaendelea kumjua kwa kumpigia simu ya saa tatu mara moja kwa mwaka. Utaendelea kumjua kwa simu fupi za kila wiki, hata zile za "tumekula ugali na dagaa, wewe je?" Kwa Mungu mambo hayako mbali na hapo.

Mahali kwanza, muda baadaye

Ushauri wa kawaida huanza na saa. Kwa Dar es Salaam tunaanza na mahali, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama bila kujua. Nyumba ya kupanga Mbagala au Manzese ina vyumba sita, familia sita, choo kimoja, na kuta ambazo hazikufika juu kwenye bati. Redio ya jirani unaisikia kama yako. Ndani ya chumba chako mnalala wanne. Ukiambiwa "tafuta chumba cha utulivu" unaona kama unachekwa.

Yesu alisema katika Mathayo 6:6 uingie chumba cha ndani na ufunge mlango. Waliomsikiliza nao hawakuwa watu wa vyumba vingi. Neno la Kiyunani lililotumika pale ni lile linalotaja pia stoo ya kuwekea vyakula. Kwa hiyo anza kwa kutafuta "stoo" yako. Hizi ndizo sehemu zinazofanya kazi katika jiji hili:

- Pembe ya chumba, ukiwa umekaa kwenye mkeka au kigoda na uso umeuelekeza ukutani. Ukuta mtupu mbele ya macho hupunguza nusu ya kelele, kwa sababu kelele nyingi tunaingiza kwa kutazama.
- Uani, kabla wapangaji hawajaanza foleni ya bafu.
- Kwenye gari lililoegeshwa, kioo kimepandishwa. Dereva wa bajaji naye ana kiti chake kabla hajaanza kazi.
- Ofisini au dukani. Wengi wanaokwepa foleni hufika mjini saa kumi na mbili na nusu na kazi inaanza saa mbili. Muda huo huishia kwenye simu.
- Kanisani siku za kazi. Walio karibu na Posta wana Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na Azania Front, yote mawili ya zama za Wajerumani, yanayotazama bandari. Ulizia kwanza saa ambazo mlango huwa wazi. Mtaani kwako pia lipo kanisa ambalo mlinzi wake atakuruhusu ukae benchi la nyuma.

Kitandani, ukiwa umejilaza, usipachague. Utasinzia, na kosa halitakuwa la shetani. Likitokea, ulale tu vizuri, kesho ukae.

Ukishapapata mahali, usihamehame. Baada ya siku kumi hivi mwili hujua kwamba hapa tukikaa tunatulia, na hutatumia tena dakika tano za mwanzo kujipanga.

Saa ipi

Anayetoka Gongo la Mboto au Chanika na anatakiwa awe kazini saa moja asubuhi tayari anaamka saa kumi na nusu. Kumwambia aamke saa tisa ni kumwambia asinzie kwenye mashine. Zaburi ya 127 inasema wazi kwamba kujinyima usingizi kwa pupa ni kazi bure, na kwamba Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Asubuhi ni nzuri, Yesu mwenyewe aliamka alfajiri akaenda mahali pasipo watu (Marko 1:35), lakini si sharti.

Jiulize: katika siku yangu, ni robo saa ipi ambayo hakuna mtu anayenidai kitu? Kisha iunganishe na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Mama ntilie akishabandika maharage ana zaidi ya nusu saa kabla hayajaiva. Mlinzi wa zamu ya usiku ana ile saa baada ya kukabidhi lindo. Anayenyonyesha ananyonyesha saa tisa usiku atake asitake; muda huo ni wake na mtoto na Mungu, na taa haihitajiki. Kwa wanaoamka mapema, adhana ya alfajiri ni kengele isiyohitaji chaji. Jirani yako Mwislamu anainuka kila siku kwa saa yake, mvua na jua, na kuna cha kujifunza hapo.

Kengele ya simu ina hatari moja. Unaizima, unaona ujumbe 43 wa grupu la harusi, na ukija kushtuka dakika ishirini zimekwisha. Tumia kitochi, au weka simu mbali ukutani ili uinuke kwenda kuizima, na data iwe imezimwa tangu usiku.

Robo saa yenyewe

Igawe hivi: dakika moja ya kunyamaza, sita za kusoma, sita za kuongea, mbili za kunyamaza tena na kuandika mstari mmoja. Usizipime kwa saa ya mkononi. Ni makadirio ya kukuzuia usisome dakika kumi na nne ukaomba moja.

Ile dakika ya kwanza inaonekana ndogo lakini ndiyo ngumu. Ukinyamaza tu, vitu vinainuka: umeme wa Luku umebaki uniti tatu, ada ya mtoto, yule bwana hajajibu meseji. Usipigane navyo. Ukurasa wa mwisho wa daftari uandike "za baadaye", na kila kinachokuja kiandike pale kwa neno moja, kisha rudi. Kikishaandikwa hakikusumbui tena, kwa sababu akili inajua hakitasahaulika. Sema sentensi moja tu, kama "Bwana, nipo," na uvute pumzi.

Kusoma bila kuishia katikati ya Kutoka

Kosa la kawaida ni kuanza Mwanzo 1 na kwenda moja kwa moja. Mwanzo ni tamu, ina visa. Kutoka inaanza vizuri hadi bahari inagawanyika. Kisha sura ya 25 unaingia kwenye vipimo vya hema, dhiraa na pazia na kulabu, sura hadi sura, halafu Walawi na sura zake 27 za sadaka na unajisi. Hapo ndipo Biblia nyingi za Dar zilipowekewa alama na hazijafunguliwa tena. Sehemu hizo zina utajiri wake, ila ni za mtu aliyekwisha kuizoea nyumba.

Anza na Marko. Ni Injili fupi kuliko zote, sura 16, na matukio yake yanakwenda mbio. Nusu sura kwa siku unaimaliza kwa mwezi na siku mbili tatu. Ukitaka mpango wa mwaka baada ya hapo, hesabu ni nzuri: Agano Jipya lina sura 260, na sura moja kila siku ya kazi, siku tano kwa wiki mara wiki 52, ni 260 kamili. Jumamosi na Jumapili zinabaki za kupumua au za Zaburi.

Kuhusu tafsiri: Biblia ya Muungano, iliyotoka 1952, ndiyo inayosikika makanisani na ndiyo inayokaa kichwani ukitaka kukariri, lakini ina Kiswahili cha zamani kinachomchosha msomaji mpya. "Atakujazi" maana yake atakulipa, na kijana wa leo atalipita neno hilo bila kulielewa. Habari Njema inasomeka kirahisi zaidi. Soma Habari Njema, kariri Muungano, ukiweza kuwa nazo zote mbili. Mkatoliki anayefuata masomo ya misa ya kila siku tayari ana mpango, asijiongezee mwingine. Karatasi ni bora kuliko simu, na sababu haihusiani na utakatifu: karatasi haiingizi meseji.

Soma kipande chako mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya chini, midomo ikitembea. Mara ya kwanza unajua kilichotokea. Mara ya pili kuna sentensi inayokukwama kama mwiba wa samaki. Simama hapo, usimalizie kipande. Watawa wa zamani walikuwa na utaratibu wa hatua nne, kusoma, kutafakari, kuomba na kutulia, na mmoja wao, Guigo wa Pili, aliuandika katika karne ya 12. Hauna siri yoyote. Ni kusoma kwa mwendo wa mtu anayetafuna.

Tuchukue Marko 10:46-52. Bartimayo, kipofu, amekaa kando ya njia Yeriko akiomba. Anasikia Yesu anapita, anapiga kelele. Watu wanamwambia anyamaze, naye anazidisha. Yesu anasimama, anamwita, na anamuuliza: unataka nikufanyie nini? Soma tena hapo. Kipofu amesimama mbele yake, kila mtu njiani anaona tatizo ni nini, na bado anaulizwa aseme mwenyewe. Naye anajibu kwa ufupi kwamba anataka kuona. Hakusema "unibariki." Sasa funga Biblia na ulichukue lile swali kama umeulizwa wewe. Utashangaa namna jibu linavyochelewa kuja.

Kuongea

Hapa ndipo uhusiano unapojengwa au kufa, na hapa ndipo tunapotaka ukae zaidi.

Tumezoea sala ya hadharani, na ina lugha yake: "Baba katika jina la Yesu, Baba tunakushukuru Baba, Baba ukafungue milango Baba." Kanisani inabeba watu mia tatu kwa pamoja na si vibaya. Ukiwa peke yako inakuwa pazia. Unaweza kuomba hivyo mwaka mzima bila kumwambia Mungu jambo hata moja.

Linganisha hizi mbili. Ya kwanza:

"Ee Bwana, ukabariki kazi za mikono yangu, ukaniondolee kila vizuizi, ukanitendee mema."

Ya pili:

"Bwana, kodi inaisha tarehe 30. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita, laki sita. Ninayo laki mbili. Nimeshamdanganya mara mbili kwamba hela iko njiani. Naogopa simu yake ikiita. Nisaidie leo nimpigie mimi, nimwambie ukweli, na nisiingie kwenye mkopo wa kausha damu."

Ya pili ina tarehe, ina kiasi, ina dhambi, ina hofu na ina jambo la kufanya leo. Ukimaliza kuisema unajua hatua inayofuata ni ipi. Na baada ya wiki mbili utajua kama imejibiwa, na namna gani. Ya kwanza hutakuja kujua, kwa sababu haikuuliza kitu.

Mpangilio usiwe mgumu. Anza na shukrani tatu zenye majina: "nashukuru kwa uzima" ni sawa, lakini "nashukuru dada amepata daladala ya kukaa tangu Tegeta" inakufundisha kuona. Halafu toba, kosa la jana kwa jina lake. Halafu watu, wasizidi watatu kwa siku. Orodha ya watu thelathini inageuka kuwa mahudhurio ya darasa na utaiacha. Wagawe: Jumatatu wa nyumbani, Jumanne wagonjwa, Jumatano kazini, hivyo hivyo. Mwisho mahitaji yako.

Siku maneno yamekauka, tumia ya kuazima. Baba Yetu ina maombi saba. Ukiisema kwa mazoea haimalizi hata dakika. Isome ombi moja, nyamaza pumzi tatu nne, weka jambo lako ndani yake, kisha lingine. "Utupe leo riziki yetu" ni mahali pa unga na nauli. "Kama sisi tuwasameheavyo" ni pale unapokumbuka jina ambalo hukutaka kulikumbuka. Rozari na sala za kitabu zinafanya kazi hiyo hiyo kwa anayezisali taratibu. Zaburi nazo ni maneno ya kuazima. Ya 13, ina aya sita tu, inamuuliza Mungu hadi lini atamsahau mtu wake. Ya 88 inaanzia kwenye shida na inaishia gizani, bila mwisho mzuri, na bado imewekwa ndani ya kitabu cha sala. Kwa hiyo hasira na malalamiko vinaruhusiwa. Aliyezoea kwamba mtu wa imani hasemi "nimechoka" azisome hizo.

Jambo dogo linalosaidia kuliko linavyoonekana: omba kwa lugha unayolilia. Kama msibani unalia kwa Kihaya au Kisukuma, jaribu kuomba kwa Kihaya au Kisukuma. Kiswahili cha kanisani kina misemo iliyopangwa tayari. Lugha ya nyumbani haikuachii pa kujificha.

Dakika mbili za mwisho usiombe kitu. Kaa. Kisha andika mstari mmoja: tarehe, kipande ulichosoma, neno lililokwama au ombi la leo. "12/3, Mk 10, sijui ninachotaka." Inatosha.

Njiani

Robo saa ni mzizi, siku nzima ni shina. Foleni ya Dar, tunayoilaani wote, ina nafasi nyingi za kuomba kama ukiwa na utaratibu. Kwa anayepanda basi la mwendokasi Kimara kwenda Kivukoni, vituo vinaweza kushika nafasi ya shanga za rozari. Kimara hadi Ubungo, shukrani. Shekilango hadi Manzese, watu wa siku hiyo. Magomeni, yule mliyekosana naye. Ukishuka bonde la Jangwani, kazi ya leo, jambo gumu kwanza. Kituo cha Fire, wagonjwa, maana Muhimbili haiko mbali na pale na kwenye basi hilo hilo kuna mtu amebeba chupa ya uji wa mgonjwa. Kutoka hapo hadi mwisho, kimya. Umesimama, mkono mmoja umeshika bomba, macho yako wazi, hakuna anayejua. Mpanda daladala wa njia nyingine apange vituo vyake mwenyewe.

Biblia ya kwenye simu usiisome dirishani kwenye foleni. Vibaka hawana heshima na Zaburi.

Jizoeze pia sala ya sekunde tano. Nehemia aliulizwa swali na mfalme, na kabla hajajibu aliomba kwa Mungu wa mbinguni (Nehemia 2:4), papo hapo, bila kufumba macho mbele ya bosi wake. Kabla hujapokea simu ya mdai, kabla hujamjibu mteja aliyekutukana, kabla hujafungua mlango wa nyumba jioni ukiwa na hasira za kazini: "Bwana, nisaidie hapa." Chagua tukio moja tu kwa wiki ya kwanza. Mlango wa nyumbani ni mzuri kuanza nao.

Kuhusu earphone: kusikiliza kwaya na mahubiri tangu asubuhi hadi jioni kunafariji, lakini kusikia habari za mtu si kuongea naye. Wapo waliojaza masikio siku nzima wasipate nafasi ya kusema neno lao. Safari ya kwenda sikiliza, ya kurudi zima.

Usiku, dakika tano

Ignatius wa Loyola, aliyeishi karne ya 16, aliwafundisha wenzake waipitie siku yao mbele za Mungu, na waliobanwa na kazi wasiliache zoezi hili hata kama wataacha mengine. Hufanyika hivi. Omba mwanga. Rudisha siku kama unavyorudisha video, tangu kuamka: kituoni, kazini, sokoni, nyumbani. Angalia sehemu mbili tu, ulipojisikia karibu na Mungu na ulipomkimbia. Shukuru kwa ya kwanza, tubu ya pili, omba kwa ajili ya kesho.

Mara nyingi kinachojitokeza si dhambi kubwa. Ni namna ulivyomwambia dada wa kazi "wewe huna akili" mbele ya wageni kwa sababu ya kikombe. Hapo sala haitoshi. Mathayo 5:23-24 inasema uiache sadaka madhabahuni, ukapatane kwanza na ndugu yako. Mwite asubuhi, umwombe radhi, na kama wageni walisikia matusi basi na watoto wako wasikie radhi. Atakayekuja kukwambia kwamba ukimwomba radhi mfanyakazi atakupanda kichwani, usimsikilize. Na kama ulichokumbuka ni hela ya mtu, mpigie, hata kama huna ya kulipa. Mdai anaumizwa na ukimya kuliko na kuchelewa.

Yanayoharibika na sababu zake

*Umekosa siku tatu.* Usilipe malimbikizo. Mipango yenye tarehe kwenye kila sura huzalisha deni, na deni linamfukuza mtu. Fungua ulipoishia, leo ni leo. Kama unakosa kila Jumanne, tatizo liko kwenye Jumanne: angalia ratiba, sogeza saa.

*Husikii chochote.* Baada ya wiki chache ule utamu wa mwanzo hupungua kwa karibu kila mtu. Kwanza angalia mwili. Eliya alipokata tamaa akaomba kufa (1 Wafalme 19), hakupewa mahubiri. Alilala, akaamshwa akala, akalala tena, akala tena. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana. Lala, kula, punguza muda uwe dakika saba, lakini usihame mahali pako. Pili, angalia kama kuna jambo moja unalizungukazunguka hutaki kulisema. Lakini kama wiki mbili zimepita hulali, hakuna kinachokufurahisha, na mawazo ya kufa yanakujia, huo si ukame wa sala. Nenda hospitali, Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Endelea kuombewa, na matibabu yaendelee.

*Unasikia mno.* "Mungu kaniambia nimuoe," "Mungu kaniambia niache kazi." Subiri. Lipime kwa Maandiko, kwa mtu mzima wa imani asiye na faida katika jambo hilo, na kwa muda. Linalodai ulitekeleze leo usiku bila kumwambia mtu, liache. Na yeyote anayekutoza hela ili akwambie Mungu anasema nini juu yako, au akuuzie mafuta na maji ili usikilizwe, anakuuzia mlango ambao Baba Yetu imekwisha kuufungua bure. Akikwambia uache dawa za presha, sukari au ARV kwa sababu umepona, usiache. Aliyepona atathibitishwa na vipimo na daktari wake.

*Kufunga.* Anza na mlo mmoja, siku moja, na kwa joto la hapa kunywa maji. Mjamzito, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo na anayetumia dawa zinazohitaji chakula wafunge kitu kingine. Siku moja bila mitandao inauma vya kutosha.

*Nyumbani hawakuelewi.* Usiwahubirie. Usitumie sala kukwepa kuosha vyombo. Hilo ndilo watakaloliangalia kwanza.

Usibaki peke yako

Robo saa ya siri inahitaji watu wa wazi. Jumuiya ndogondogo ya mtaani, ibada ya nyumba kwa nyumba, kikundi cha maombi cha kazini, chochote kilicho karibu na kinachokujua kwa jina. Zaidi ya hapo tafuta mtu mmoja, wa jinsia yako, anayetunza siri, na mkubaliane swali moja la kuulizana kila wiki: "Umekaa mara ngapi?" Jibu liwe namba. "Namshukuru Mungu naendelea vizuri" si namba.

Siku ya thelathini na tatu

Kama hukukosa siku, utakuwa umemaliza Marko. Siku hiyo usisome kipya. Fungua daftari ukurasa wa kwanza na kalamu ya rangi nyingine. Ombi lililojibiwa, weka alama na tarehe. Lililojibiwa tofauti na ulivyotaka, andika pembeni ilikuwaje. Ambalo hukumbuki hata kwa nini uliliomba, lipigie mstari uliache. Halafu hesabu siku ulizokaa kweli. Kumi na tisa kati ya thelathini na mbili ni mwanzo mzuri, na kama zilizokosekana zinafuatana siku za mwisho wa mwezi, umeshajua pa kurekebisha.

Angalia na jina linalojirudia kwenye toba. Huyo mtafute wiki hii.

Kisha ukurasa mpya, tarehe juu, Marko ulipoishia, au kama umeimaliza, Luka sura ya 1. Sura za Luka ziko 24.